Laptopu ya mtoto anayeanza chuo: mpya ya Celeron au i5 ya mtumba?

#1 MamaNeema
Habari zenu wakuu. Binti yangu amepata nafasi Chuo Kikuu Ardhi, anakwenda kusoma jiomatiki, yaani mambo ya upimaji. Nina laki nane na nusu ya laptopu na siwezi kuvuka hapo, godoro na vyombo bado sijanunua.

Kuna mpya dukani, ipo kwenye boksi, nailoni bado iko kwenye kioo, waranti mwaka mmoja. Prosesa Celeron N4020, ramu GB 4, diski GB 128. Bei laki saba na themanini. Na kuna kijana Kariakoo ananiuzia HP EliteBook 840 G5 iliyotumika, prosesa i5, ramu GB 8, SSD GB 256, laki sita na nusu. Hiyo ina mikwaruzo kwenye mfuniko na herufi A kwenye kibodi imefutika.

Baba yake anasema mtoto haendi chuo na kitu cha mtumba. Mimi nasita kwa sababu kaka yake tulimnunulia mpya mwaka juzi na haikumaliza mwaka. Haikufa, ila ilikuwa nzito. Unaiwasha, unabandika chai, unakunywa mpaka unasuuza kikombe, ndiyo inafunguka. Naomba mnisaidie mawili: ninunue ipi, na ile ya kaka yake ilipatwa na nini?

#2 Fundi_Aggrey
Mama chukua G5, usilale. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kori ni sehemu zake zinazofanya kazi. Hiyo Celeron ina kori mbili tu, ilitengenezwa kwa ajili ya kuandika barua na kusoma barua pepe. i5 ya G5 ina kori nne. Tena kwenye G5 ukifungua skrubu za chini unakuta sloti mbili za ramu (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) na SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia) ya kuchomoa. Kwenye nyingi za bei ile mpya, ramu imelehemiwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu. Ikishazaliwa na 4 itazikwa na 4.

Mikwaruzo isikutishe. Mfuniko haufanyi kazi ya shule.

#3 Baba_wa_Watatu
Naomba nitofautiane na fundi, kwa heshima. Mwaka jana nilisikiliza ushauri kama huo nikamnunulia mtoto wa mtumba, laki saba na nusu. Mwezi wa tatu tangu niinunue ikazima moja kwa moja. Fundi wa kwanza akasema ni madabodi, wa pili akasema iliwahi kumwagikiwa maji kabla haijaletwa nchini, akanionyesha kutu nyeupe pembeni ya tundu la chaja. Nikarudi mtaani kumtafuta aliyeniuzia. Kumbe alikuwa winga tu, duka si lake, simu haipatikani. Mtoto alifanya mitihani kwa kuazima kompyuta za wenzake usiku wa manane.

Ya mpya ikifa ndani ya mwaka unajua pa kuipeleka. Huo ndio ukweli ambao mafundi hawapendi kuusema.

#4 mpimaji_wa_kata
Mimi ni mpimaji, nimesoma fani hiyo hiyo anayokwenda binti. Tuanze na kazi atakayoifanya ndipo tuzungumze mashine.

Muhula wa mwanzo hesabu na nadharia ni nyingi, hata hiyo Celeron itamsogeza. Baadaye inakuja AutoCAD ya kuchorea, inakuja ArcGIS ya ramani, inakuja picha za setilaiti na za droni. ArcGIS Pro kiwango chake cha chini kabisa ni ramu 8, na wenyewe wanapendekeza kubwa zaidi ya hapo. Kwa ramu 4 haifai hata kuijaribu. QGIS, nayo ya ramani, ni nyepesi na ni ya bure, ila nayo ukiipandishia picha ya droni ya eneo zima utaona kompyuta inahema.

Kwa hiyo swali la mpya au mtumba kwangu ni la pili. La kwanza ni ramu 8 na nafasi ya kuongeza.

#5 kijana_wa_Dom
Naongelea ile ya kaka yake. Mama, kwenye boksi iliandikwa diski ni eMMC? Nina uhakika jibu ni hilo. eMMC ni kama memori ya simu iliyobandikwa kwenye madabodi, siyo SSD. Ikiwa ni ya GB 64, Windows peke yake inakula sehemu kubwa, masasisho yanakula nyingine, ikijaa inaanza kukokota. Ramu 4 ikizidiwa inakopa nafasi kwenye diski, na diski yenyewe ndiyo hiyo imejaa tena ni ya taratibu. Kuchelewa kwake ni hapo tu.

#6 Stationery_Ubungo
@kijana_wa_Dom usiseme "hapo tu". Mimi nina duka la kuprinti karibu na vyuo, naona flashi mia kwa siku. Nyingi zina virusi vya kugeuza folda kuwa njia za mkato. Mwanafunzi anachomeka kwangu, anachomeka kwa mwenzake, anarudi nayo chumbani. Baada ya miezi sita kompyuta imebeba mzigo ambao mwenyewe haujui. Kaka yake naweka dau ni virusi.

#7 Fundi_Aggrey
Na vumbi je? Hizo Celeron nyingi hazina feni, sawa, lakini hosteli wanaziweka juu ya godoro, joto halina pa kutokea, prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Nimezifungua nyingi. Mwezi wa Januari na Februari hapa Dar ndiyo zinaletwa kwa wingi.

#8 kijana_wa_Dom
Fundi, joto linapunguza mwendo ikiwa imeshapata moto. Mama kasema inachelewa kuwaka asubuhi, imepoa usiku kucha. Hilo joto limetoka wapi?

#9 Fundi_Aggrey
Umenibana kidogo hapo. Lakini sijasema ni sababu pekee.

#10 Kamau_wa_Rironi
Hamjambo ndugu zetu. Huku Nairobi hii ndiyo biashara ya kila siku, pita Moi Avenue au Kimathi uone. Sisi tunaziita ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Dada yangu yuko mwaka wa tatu na ThinkPad T480 niliyomchukulia kwa elfu thelathini na mbili za Kenya. Uzuri wa T480 ni betri mbili, moja iko ndani na nyingine unaichomoa kwa nje, kwa hivyo betri ikichoka hauiti fundi. Ramu sloti mbili. Stima zikipotea anamaliza lekcha ya jioni bila wasiwasi.

Mama Neema, uliza kama Kariakoo wanazo.

#11 Dogo_Makumbusho
Zipo. Hata T480s zipo, ile nyembamba, ni kitu kile kile.

#12 Kamau_wa_Rironi
Hapana bwana, si kitu kimoja. T480s haina betri ya kuchomoa, na ramu yake nyingine imelehemiwa, unabaki na sloti moja. Hiyo herufi "s" imeliza watu wengi. Na X1 Carbon ni nzuri ajabu machoni, lakini ramu yote imelehemiwa, unayonunua nayo ndiyo utakayokufa nayo.

#13 Mwinyi_Sharjah
Asalaam aleikum. Niko Sharjah, huku Uarabuni, nimefanya kazi kwenye maghala ya laptopu zilizotumika, niwaeleze zinakotoka maana naona watu wanadhani zimeokotwa.

Nyingi ni za makampuni ya Ulaya na Marekani. Kampuni inazitumia miaka mitatu minne, muda ukifika wanabadilisha zote kwa pamoja hata kama ni nzima. Zinauzwa kwa jumla, sisi tunazichambua kwa madaraja: kioo safi, kioo chenye doa, bodi iliyopasuka, isiyowaka. Ndiyo maana unakuta EliteBook, Latitude na ThinkPad kwa wingi, na hukuti zile za supamaketi. Zilijengwa kwa mtu wa kuifungua na kuifunga kila siku. Bawaba zake ni chuma.

Lakini ukweli mwingine: daraja la mwisho nalo linanunuliwa. Isiyowaka inatiwa bodi ya nyingine, yenye maji inakaushwa. Kwa hiyo @Baba_wa_Watatu hakudanganya. Angalieni na haya: kibodi ya Kijerumani ina Z mahali pa Y, wanabandika stika juu. Na kuna zilizofungwa nenosiri la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), au bado zimesajiliwa kwa kampuni iliyokuwa inazimiliki. Ukiifuta na kuweka Windows upya ikishaunganishwa na intaneti inakukaribisha kwa jina la kampuni na kukudai akaunti ya mfanyakazi. Hapo huna laptopu tena.

#14 Bi_Darajani
Wallahi hilo limemkuta mdogo wangu hapa Unguja. Alifikiri amefanyiwa uchawi. Aliyemuuzia alimrejeshea pesa zake, lakini ni kwa sababu wanasali msikiti mmoja.

#15 Mzee_Kyela
Mnasahau jambo kubwa. Windows 10 imefungwa tangu Oktoba 2025. Hizo kompyuta zote za zamani hazitafanya kazi tena. Mama nunua mpya, yaishe.

#16 kijana_wa_Dom
Shikamoo mzee. Kilichofika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya usalama ya Windows 10. Kompyuta inawaka kama kawaida, na kuna mpango wa kuongezewa masasisho hadi Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Halafu siyo "zote". Windows 11 kwa prosesa za Intel Core kama i5 inaanzia kizazi cha 8, yaani toleo la nane, na inataka TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta. G5 ya kizazi cha 8 inapita kwa njia halali. Za kizazi cha 6 na cha 7 ndizo zimeachwa, isipokuwa chache sana.

#17 Dogo_Makumbusho
Mimi nimeweka Windows 11 kwenye kizazi cha 6 na inatembea fresh.

#18 kijana_wa_Dom
Inatembea kwa sababu umeruka ukaguzi. Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Wewe ukikwama unajua pa kushika. Binti anayeanza chuo anahitaji kitu kisichomkwamisha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

#19 Mzee_Kyela
Marahaba kijana. Nimekuelewa. Basi niulize, kwa nini kizazi cha 8 kinasifiwa hivyo, kuna nini cha ziada?

#20 Fundi_Aggrey
Mzee, kabla ya hapo i5 za laptopu hizi nyembamba zilikuwa na kori mbili. Kizazi cha 8 kilipotoka mwaka 2017 wakaweka nne. Ni sawa na kutoka vibarua wawili kwenda wanne kwa posho ile ile ya umeme.

#21 MamaNeema
Asanteni sana jamani, nimesoma zote na mume wangu nimemsomea ya Mwinyi kwa sauti. Sasa mimi nitajuaje kizazi? Kwenye stika imeandikwa i5 tu.

#22 Fundi_Aggrey
Usiamini stika mama, zinauzwa kwa karatasi nzima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, bonyeza Enta. Utaona jina la prosesa. Baada ya i5 na kistari, namba ya kwanza ndiyo kizazi: i5-8250U au i5-8350U ni cha 8. Ikianza na 1 soma mbili za kwanza, mfano i5-10210U ni cha 10.

Lakini G5 usiwe na shaka, zote ni kizazi cha 8.

#23 Mwinyi_Sharjah
Fundi, hapo rekebisha. 840 G5 ilitoka na za kizazi cha 7 pia, i5-7200U na i5-7300U. Mfuniko ni ule ule, jina ni lile lile. Nimezipanga kwa mikono yangu. Lazima aangalie.

#24 Fundi_Aggrey
Nimekubali, asante. Nilikuwa naenda na zile ninazoziona hapa kwangu.

#25 Penguini_Mbeya
Mbona hakuna anayetaja Linux, mfumo wa bure badala ya Windows? Weka Linux Mint kwenye hata kizazi cha 4, LibreOffice ya kuandikia ipo, QGIS ipo, virusi vya flashi havikugusi, hulipi chochote.

#26 mpimaji_wa_kata
Nilijua utakuja tu Penguini, nilikuwa nahesabu saa. QGIS sawa. Lakini AutoCAD na ArcGIS Pro hazina toleo la Linux, na mwalimu akisema leteni faili la AutoCAD hutamhubiria uhuru wa programu. Tena mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia AutoCAD bure akithibitisha kuwa yuko chuo, hahitaji kuipakua kwa wezi.

#27 Penguini_Mbeya
Basi aweke zote mbili kwenye SSD moja. Nitarudi.

#28 Baba_wa_Watatu
Naona wote mmehamia mtumba. Hebu mama mwenyewe aseme: ikifa mwezi wa pili, nani anamlipa? Mimi sipingi i5. Napinga kununua kwa mtu ambaye kesho humuoni. Kama lazima iwe mtumba, atafute duka lenye mlango na risiti ya EFD (mashine ya kodi), na waandike kwa kalamu siku ngapi za kurudisha. Laki sita na nusu kwa winga na laki saba kwa duka, alipe laki saba.

#29 MamaNeema
Hilo nimeliandika kwenye daftari. Kesho nakwenda na Neema mwenyewe.

#30 MamaNeema
Wakuu mliopo hewani nisaidieni haraka. Niko Kariakoo, jua kali. Yule kijana tumempata. dxdiag inaniandikia Intel Core i5-7300U. Anasema ni kitu kile kile na ananishushia mpaka laki tano na themanini.

#31 kijana_wa_Dom
Acha mama. Hiyo ndiyo aliyoisema Mwinyi.

#32 Fundi_Aggrey
Acha. Kori mbili hizo.

#33 Dogo_Makumbusho
Kwa 580 mimi ningechukua 😂

#34 mpimaji_wa_kata
Dogo tulia, hatukununulii wewe. Mama ondoka taratibu, atakufuata na bei nyingine. Usigeuke.

#35 MamaNeema
Kanifuata kweli mpaka barabarani. Tumeingia duka lenye mlango. Wana G5 nyingine, i5-8350U, ramu 8, SSD 256, laki sita na themanini. Neema ameandika tpm.msc, inasema tayari, toleo 2.0. Kibodi ni ya Kiingereza. Betri tunapimaje?

#36 kijana_wa_Dom
Afungue ile skrini nyeusi ya amri, aandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili. Ndani atafute ujazo wa kiwandani na ujazo uliopo sasa, alinganishe.

#37 MamaNeema
Kiwandani 49,980. Sasa 30,900.

#38 kijana_wa_Dom
Ni kama asilimia 62.

#39 Fundi_Aggrey
Kwa mtumba ni ya kawaida. Mwambie mwenye duka akufungulie chini uone ramu. Kama 8 imekaa kwenye kipande kimoja, sloti ya pili iko wazi na huko mbele unaongeza bila kutupa kitu.

#40 Mwinyi_Sharjah
Na akiifungua, tazama pembeni ya tundu la chaja na chini ya kibodi kama kuna kutu nyeupe au kijani. Muombe aifute aweke Windows upya, aiwashe, aiunganishe na intaneti ya simu yako.

#41 MamaNeema
Kipande kimoja, sloti moja tupu. Safi, hakuna kutu. Intaneti imekubali, haijadai akaunti ya mtu. Neema amefungua madirisha mengi kwa makusudi, ameichezea nusu saa, mwenye duka kachukia kidogo lakini kavumilia. Tumelipa 670,000. Risiti ya EFD ninayo, na kaandika nyuma yake wiki mbili kubadilisha, akagonga muhuri.

#42 Baba_wa_Watatu
Hongera. Sasa hizo wiki mbili itumieni kama punda, asubuhi mpaka usiku. Kama ina ugonjwa ujitokeze mapema.

#43 Bi_Darajani
Maashaallah. Mwenyezi Mungu amfungulie Neema masomo yake.

#44 MamaNeema
Amina. Nimebakiwa na laki moja na themanini. Niongeze ramu au nibadilishe betri?

#45 Kamau_wa_Rironi
Betri. Mwanafunzi anakaa darasani muda wa saa nne, soketi ziko ukutani watu watano wanagombania.

#46 mpimaji_wa_kata
Ramu. Betri asilimia 62 atakwenda nayo mwaka huu. Ramu 16 ndiyo itakayomvusha kwenye picha za droni.

#47 Stationery_Ubungo
Wala si betri wala ramu. Mnunulie diski ya nje ahifadhi kazi zake. Kila mwaka naona mtoto analia kaunta kwangu, ripoti ya mwisho ilikuwa kwenye flashi moja na flashi imekufa. Laptopu utanunua nyingine, ile ripoti hununui.

#48 Kamau_wa_Rironi
Hilo la diski siwezi kulipinga. Lakini baada ya diski, betri.

#49 MamaNeema
Na ile ya kaka yake je? Jana usiku ameifungua akakagua. Ni eMMC kweli, GB 64, imebaki nafasi ya GB 1.2.

#50 kijana_wa_Dom
Nilisema.

#51 MamaNeema
Subiri mwanangu. Kafuta video zake zote, ikapatikana nafasi ya GB 20, ikawa nyepesi kidogo tu. Halafu kaipitisha kwenye kizuia virusi, imekamata vitu kumi na kitu, vingi ni vya njia za mkato.

#52 Stationery_Ubungo
Na mimi nilisema.

#53 Fundi_Aggrey
Iletwe kwangu niifungue niangalie, sitadai pesa ya kuangalia. Bado sijaridhika na habari ya chai.

#54 Penguini_Mbeya
Nimerudi. Hiyo ndiyo ya kuweka Linux. Wala usiiuze.

#55 mpimaji_wa_kata
Hapa nakuunga mkono Penguini, andika tarehe.

#56 Mzee_Kyela
Baba yake Neema anasemaje sasa?

#57 MamaNeema
Alipoiona mikwaruzo alinyamaza. Neema akaiwasha mbele yake, kabla hajakaa vizuri kwenye kiti ikawa imefunguka. Akauliza ni bei gani, nikamwambia, akaomba aone risiti, akaigeuza akasoma ule muhuri. Sasa hivi yuko nayo anatafuta ramani ya shamba letu la Mkuranga. Herufi A Neema ameiandika upya kwa rangi nyeupe ya kucha.